Unga mweupe, kioo cheusi: kutafuta hitilafu kwenye mtambo wa plazima wa nanofuwele za silikoni

Anayeanza kazi hii hulaumu umeme kwanza. Unga umetoka mbaya, basi jenereta imechoka. Mwanga haupo, basi nyaya zina shida. Nami nilipita njia hiyo wiki nzima, nikifungua na kufunga kila kiungio cha umeme, kumbe kosa lilikuwa unywele mmoja wa kichwa changu uliolala juu ya oringi, ile pete ya mpira inayoziba kiungio. Tangu siku ile naanza na gesi, na mara nyingi naishia hapohapo.

Mtambo ninaouzungumzia ni ule wa bomba la kupitisha gesi. Ulipata jina mwaka 2005, pale Mangolini, Thimsen na Kortshagen wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipoonyesha kwamba unaweza kutoa makumi ya miligramu za nanofuwele (fuwele ndogo mno, za nanomita chache) zinazong'aa kila saa. Una bomba la kioo cha kwatzi, pete mbili za shaba zilizolivaa kwa nje, na mawimbi ya redio ya megahezi 13.56. Arigoni na silani (gesi ya silikoni na haidrojeni) huingia juu, unga hunaswa kwenye wavu wa chuma chini, na pampu huvuta kutoka mwisho. Silani (SiH₄) huvunjika ndani ya plazima (gesi inayowaka kwa umeme, yenye elektroni na ioni huru), atomu za silikoni hukutana, na baada ya milisekunde chache una punje ya nanomita 3 au 4. Elektroni ni nyepesi na zina mbio kuliko ioni, kwa hiyo huiwahi punje na kuipa chaji hasi. Punje zenye chaji ya aina moja hufukuzana, ndiyo maana hazishikamani ovyo kama masizi ya koroboi.

Hesabu zote za hapa chini nimezifanya kwa vipimo vifuatavyo, ili usome namba ukijua zilikotoka: kipenyo cha ndani cha bomba milimita 8, urefu wa plazima sentimita 5, presha paskali 187 (yaani 1.4 Torr), arigoni sentimita za ujazo 36 kwa dakika, na sentimita za ujazo 14 kwa dakika za mchanganyiko wenye silani 5% ndani ya heli. Silani halisi hapo ni 0.7 tu. Mitiririko yote naitaja kwa hali sanifu, kama vidhibiti mtiririko vinavyoisoma. Kwa vipimo hivyo, gesi hukaa ndani ya plazima milisekunde 5 hivi.

Na neno moja kuhusu silani kabla hujagusa spana. Huwaka yenyewe ikikutana na hewa, lakini hatari yake kubwa ni pale isipowaka papo hapo: hukaa ikichanganyika na hewa kimyakimya, halafu hulipuka kwa mkupuo. Usilegeze kiungio chochote kabla ya kufunga chupa, kuvuta mistari ya gesi kwa pampu, kusafisha kwa arigoni au naitrojeni na kuvuta tena, mara kadhaa. Ukisikia mtu anasema "ni asilimia tano tu," msogeze kando.

Unga umetoka mweupe, au kijivu chepesi

Unga mzuri wa silikoni una rangi: njano au chungwa ukiwa na punje ndogo, kahawia ukiwa na kubwa zaidi. Mweupe maana yake oksidi. Swali ni moja: oksijeni imeingia wakati punje inazaliwa, au baada ya wewe kufungua mtambo? Ukiwa umeutoa unga ndani ya sanduku la glavu (lile lisilo na hewa ndani) na bado ni mweupe, hewa iliingia mapema.

Fanya jaribio la kupanda kwa presha. Vuta mpaka chini kabisa, funga vali ya pampu, anza saa, andika presha kila nusu dakika kwa dakika 10. Chora mstari. Mstari ulionyooka unasema kuna tundu. Unaoanza kwa kasi kisha unalala unasema ni unyevu unaotoka kwenye kuta, na huo dawa yake ni kuvuta usiku kucha huku bomba likipata joto kiasi. Watu wengi huruka hatua hii ya kuchora, wakachukua namba ya mwisho tu, halafu hutumia siku mbili kutafuta tundu lisilokuwapo.

Sasa angalia tundu "dogo" linavyofanya. Tuseme ujazo uliofungwa ni lita 2 na presha inapanda paskali 1.33 kwa dakika. Hiyo ni hewa sentimita za ujazo 0.026 kwa dakika, kiasi ambacho fundi wa mafriji angekipuuza. Oksijeni ndani yake ni 0.0055. Lakini silani yako yote ni 0.7! Kila atomu 100 za silikoni zinapata karibu atomu 1.6 za oksijeni. Punje ya nanomita 3 ina atomu za silikoni kama 700, kwa hiyo kila punje inaweza kuzaliwa na oksijeni 11 mwilini, kabla hujaiona kwa macho.

Linganisha na uchafu wa chupa. Arigoni ya usafi wa 99.999% ina uchafu wa sehemu 10 kwa milioni kwa wingi wake. Kwenye mtiririko wa 36 hiyo ni 0.00036 kwa dakika, yaani tundu letu linaingiza zaidi ya mara 70 ya hapo. Kununua chupa ya gesi safi zaidi kabla ya kuziba tundu ni kutupa hela.

Tundu huwa wapi? Kwa uzoefu wangu, oringi inayoshika bomba la kwatzi ndiyo ya kwanza, kwa sababu kila unapotoa bomba kulisafisha unaigusa. Ivue, ipitishe taratibu kati ya vidole ukiwa na glavu safi, iangalie chini ya taa kwa upande. Mkwaruzo, nyuzi ya kitambaa, chembe ya unga, unywele: chochote kinachokatiza mzingo wa oringi ni mlango. Mpira wa oringi iliyokaa karibu mno na pete ya shaba hupata joto, hugeuka mgumu na kung'aa kama plastiki. Huo usiupe nafasi ya pili. Kifaa cha kunusa heli kikiwapo, dakika 20 zinatosha kukupa jibu. Kama hakipo, zima umeme wote, hakikisha silani imefungwa na mistari imesafishwa, kisha gusa kila kiungio kwa pamba yenye spiriti huku ukiitazama geji, ikiruka, umefika.

Spektromita ndogo ya mwanga husaidia pia plazima ikiwa inawaka kwa arigoni peke yake. Mistari ya arigoni iko nanomita 750 na 811. Ukiona kilele kwenye 337, hiyo ni naitrojeni, na naitrojeni haikuja peke yake.

Plazima haiwaki, au inawaka mahali pasipotakiwa

Hapa kweli umeme unahusika, ingawa si peke yake. Ikiwa jenereta inaonyesha nguvu inayorudi ni karibu sawa na inayokwenda, kisanduku cha ulinganishaji (kile chenye kapasita mbili za kuzungusha) hakijapata mahali pake. Zungusha moja hadi nguvu inayorudi ishuke, kisha nyingine, kisha rudia ya kwanza. Washa kwa arigoni peke yake na presha ya chini kidogo kuliko ya kazi, ikishashika ndipo upandishe.

Ikiwaka kati ya pete na flanji ya chuma (kiungio cha mwisho wa bomba) badala ya katikati ya pete mbili, angalia umbali. Mawimbi ya redio hufuata njia iliyo rahisi kuelekea ethi (chuma kilichounganishwa na ardhi), na flanji ni ethi kubwa. Sogeza pete ya juu mbali nayo. Cheche ndogo za buluu nje ya bomba, zenye harufu kama ya hewa baada ya radi, zinasema pete haijakumbatia kioo sawasawa. Kuna pengo la hewa. Ng'arisha shaba, kaza upya.

Plazima iliyokuwa nzuri ikiyumba mara tu silani inapoingia, usishtuke. Punje zinanyonya elektroni, plazima inabadilika tabia, ulinganishaji uliokuwa sahihi sekunde 10 zilizopita hauko sahihi tena. Zungusha kapasita tena. Ikiyumba kila baada ya sekunde chache kwa mdundo, kama inapumua, tazama kidhibiti cha silani kwanza: vali yake huenda inafunguka na kufunga kwa sababu mtiririko unaoomba uko chini mno ya uwezo wake.

Jambo jingine ambalo halionekani kwenye skrini: wati zinazosomwa na jenereta si wati zilizomo ndani ya plazima. Sehemu kubwa inaweza kuishia kwenye nyaya, kwenye kisanduku na kwenye hewa. Ndiyo maana "nilitumia wati 80" ya maabara moja si wati 80 ya kwako. Usinakili namba ya mwenzako. Panda hatua kwa hatua na uangalie unga.

Kioo kinapiga masizi

Wanaokumbuka taa ya chemli wanajua: utambi ukikaa vibaya, kioo kinakuwa cheusi na mwanga unakwisha. Hapa utando ni wa kahawia, unaanza chini ya pete na kushuka. Utando mwembamba ni wa kawaida, kila mtambo una wake. Ukiona umekuwa mnene ndani ya dakika 10, silani inaishia ukutani badala ya kuwa punje.

Chanzo mara nyingi ni presha ya chini mno. Presha ikishuka, vipande vya silani vilivyovunjika husafiri mbali zaidi bila kugongana, na ukuta uko milimita 4 tu kutoka katikati. Pandisha presha, au ongeza arigoni ili kila kitu kipite haraka. Chanzo cha pili ni silani kuingia ikiwa imeegemea upande mmoja. Bomba la ndani likiwa limepinda, utando utakuwa mnene upande huohuo. Zungusha bomba nusu mzunguko: utando mpya ukifuata bomba, kosa ni la bomba, ukibaki palepale, kosa ni la mlango wa gesi.

Utando wenyewe huleta matatizo ya pili. Vipande vyake hubanduka na kuanguka kwenye wavu, na chini ya hadubini utavikuta kama magamba makubwa katikati ya punje nzuri. Pia hubadilisha jinsi mawimbi yanavyoingia, hivyo mbio (kuendesha mtambo mara moja) ya asubuhi na ya jioni hazifanani. Badilisha bomba kila mbio kama una mawili. Mimi nina manne.

Presha inapanda wakati kazi inaendelea

Hii ndiyo hitilafu ninayoiogopa, kwa kuwa haikupi dalili siku hiyohiyo. Unaweka wavu, unawasha, kila kitu kizuri. Unga unajikusanya, matundu yanaziba, gesi inapata taabu kupita, na presha ya juu ya wavu inapanda polepole. Siku moja nilianza na paskali 187, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikakuta 260. Mitiririko ilikuwa ileile, kwa hiyo muda wa gesi ndani ya plazima ulipanda kwa uwiano uleule, kutoka milisekunde 5 hadi 7 na zaidi. Punje zinazokaa zaidi hukua zaidi. Kwenye wavu ule nilikuwa na tabaka la punje ndogo chini na kubwa juu, zote zimechanganyika nilipokwangua.

Kipimo cha eksirei hakitakuambia hili waziwazi. Kitakupa wastani, na wastani unaonekana mzuri. Utaliona kwenye mwanga unaotolewa na unga: kilele kilichotakiwa kuwa chembamba kinakuwa kipana na kinaegemea upande wa mawimbi marefu. Weka vali inayojirekebisha kati ya wavu na pampu kama bajeti inaruhusu. Isiporuhusu, kaa hapo, fungua vali ya mkono kidogokidogo kadiri presha inavyopanda, na ubadilishe wavu mapema. Chai itakungoja.

Na hakikisha geji yako inasema kweli. Geji ya Pirani hupima kwa jinsi gesi inavyobeba joto, na imesawazishwa kwa naitrojeni. Arigoni hubeba joto vibaya zaidi, kwa hiyo geji hiyo itakuonyesha presha ndogo kuliko iliyopo. Heli hufanya kinyume, na wewe una zote mbili. Kwa kazi hii tumia geji ya utando, ile inayopima msukumo wenyewe bila kujali gesi ni ipi. Vidhibiti mtiririko vina ugonjwa huohuo: kilichosawazishwa kwa naitrojeni kikisoma 10 kwa arigoni, kinapitisha karibu 14.

Unga ni kidogo kuliko ulivyotarajia, au mwingi kupita kiasi

Usiseme kidogo wala kingi kabla ya kupiga hesabu. Silani 0.7 kwa dakika, ikigeuka yote kuwa silikoni, inatoa miligramu 53 kwa saa. Hakuna uchawi utakaokupa zaidi. Ukipata 40, umefanya vizuri. Ukipata 15 na kioo ni safi, unga unapita kwenye wavu kwenda kwenye pampu. Kagua oili yake, ikiwa imegeuka kahawia na nzito umepata jibu. Ukipata 15 na kioo ni cheusi, rudi sehemu ya masizi.

Ukipata 90 usisherehekee. Silikoni ikigeuka yote kuwa oksidi uzito wake unazidi maradufu, miligramu 53 zinakuwa kama 113. Mizani imekuambia kile ambacho rangi ingekuambia.

Unga ni amofasi

Umepiga Raman (kipimo cha leza kinachoonyesha atomu zimejipangaje), ukategemea kilele chembamba karibu na 520 kwa sentimita, ukapata mlima mpana kwenye 480. Atomu zimekusanyika bila kujipanga. Kinachopanga atomu si joto la gesi, ambayo hubaki vuguvugu tu. Ni joto la punje yenyewe: kila elektroni na ioni zinapokutana juu ya uso wake, kila atomu ya haidrojeni inapotua, nishati huachwa pale, na punje ndogo hivyo haina pa kuificha. Inaweza kuwa na mamia ya nyuzi za joto zaidi ya gesi inayoizunguka. Nguvu ikiwa ndogo, matukio hayo ni machache, punje inapoa kabla ya kujipanga.

Kwa hiyo pandisha nguvu, wati 10 kwa 10, ukikusanya dakika 5 kwenye wavu mpya kila mara. Utaona mlima wa 480 ukinyauka na kilele cha 520 kikisimama. Kama hakisimami hata kwa nguvu kubwa, silani ni nyingi mno kwa plazima hiyo. Ipunguze, arigoni ibaki.

Tahadhari juu ya kipimo chenyewe. Unga uliolegea haupitishi joto vizuri. Leza ya Raman ikiwa kali, inauchoma pale inapotua: kilele kinahama kuelekea chini ukadhani ni ishara ya punje ndogo, na unga wa amofasi unaweza kujipanga kuwa fuwele mbele ya macho yako, ukaandika kwenye daftari kwamba mtambo umefanikiwa. Pima mahali palepale kwa leza dhaifu, kisha dhaifu zaidi. Majibu yakifanana, yaamini. Kwa eksirei ya shaba, tafuta vilele kwenye digrii 28.4, 47.3 na 56.1. Fuwele za nanomita 4 hutoa kilele cha kwanza chenye upana wa digrii 2 hivi, kwa hiyo usitegemee sindano. Ukiona sindano nyembamba, kuna kitu kikubwa kimeingia, pengine gamba la kioo.

Unga ni fuwele, lakini hauna mwanga

Kabla ya kuhuzunika, hakikisha una macho ya kuuona. Silikoni ya nanomita 3 hung'aa kwa mawimbi ya kati ya nanomita 750 na 800 hivi, ya nanomita 4 hupita 850. Jicho lako limeshachoka kabla ya hapo. Chini ya taa ya nanomita 365 utaona wekundu hafifu au hutaona kitu, wakati spektromita yenye kihisi kinachofika 1000 inaona mwanga tele. Nimewahi kumwona mwanafunzi akimwaga sampuli nzuri kwa sababu "haiwaki". Punje zinazopita nanomita 5 kwa kiasi kikubwa nazo hupoteza mwanga, na huhama kuelekea kipande kikubwa cha silikoni ambacho hakijui kung'aa.

Ikiwa hata spektromita haioni, tatizo liko usoni mwa punje. Ndani ya fuwele kila atomu ya silikoni imeshika nne za jirani. Usoni, atomu inakosa jirani, inabaki na mkono mtupu. Mkono mtupu mmoja, kwenye punje nzima yenye atomu 700 au 1,700, unatosha kuzima mwanga: elektroni na tundu lake (nafasi tupu iliyoiacha) hukutana pale, nishati ikawa joto. Haidrojeni ndiyo huijaza mikono hiyo, na inatoka kwenye silani yenyewe. Plazima kali mno huing'oa tena. Ndiyo mtego: nguvu ndogo inakupa amofasi, ambayo Anthony na Kortshagen walionyesha mwaka 2009 kwamba hung'aa kwa ufanisi chini ya 2%, ilhali fuwele zilipita 40%, nayo nguvu kubwa kupita kiasi inakupa fuwele zenye uso uliochunwa.

Dawa iliyonifaa ni kuingiza haidrojeni kidogo chini ya pete, pale plazima inapoishia. Punje imeshajipanga, bado ina joto, na hapo inapata haidrojeni ya kufunika uso kabla ya kupoa. Sogeza mlango huo sentimita moja juu na unaingia kwenye plazima yenyewe, unabadilisha kila kitu. Sentimita kadhaa chini, punje zimepoa na haidrojeni inapita tu. Nilipata mahali pake kwa kujaribu nafasi 6, na kwenye mtambo wako hapatakuwa palepale.

Kimiminika ni cha mawingu

Unga wenye haidrojeni usoni hauchanganyiki na viyeyusho. Unahitaji kuvishwa minyororo ya kaboni: unauchemsha na 1-dodesini (mnyororo wa kaboni 12) ndani ya kiyeyusho cha mesitilini, kwenye nyuzi 165 hivi, saa mbili, pasipo hewa. Ikienda vizuri utashuhudia yenyewe. Chupa inaanza kama chai ya maziwa, inakaa hivyo kwa muda wa kukukatisha tamaa, kisha ndani ya dakika chache inakuwa angavu kama chai ya rangi. Mwaka 2006 kundi lilelile la Minnesota na wenzao walipima punje zilizovishwa minyororo ya kaboni na kupata ufanisi wa mwanga unaozidi 60%.

Isipoangaa, sababu ya kwanza ni oksijeni au maji ndani ya dodesini. Kemikali iliyokaa kwenye kabati ina vyote viwili. Ipitishe naitrojeni na uikaushe kabla. Sababu ya pili ni unga uliopata hewa njiani: uso wenye oksidi haupokei mnyororo. Piga infraredi (namba zake ni kwa sentimita, kama za Raman). Vilele vya kati ya 2080 na 2140 ni haidrojeni juu ya silikoni, ndivyo unavyovitaka kabla ya kupika. Ukiona 2250, silikoni hiyo imeshaingiliwa na oksijeni kwa nyuma. Mkanda mpana wa 1000 hadi 1100 ni oksidi waziwazi. Sababu ya tatu ni punje zilizoshikamana chini ya plazima, pale chaji inapozikimbia kabla hazijafika kwenye wavu. Hizo sogeza wavu karibu zaidi na plazima, muda wa kushikana upungue.

Ukitumia tetrakloridi ya silikoni badala ya silani, uso utakuwa na klorini na utahitaji kuongeza haidrojeni kwenye gesi. Haijiwashi hewani kama silani, ni kweli, lakini hutoa asidi inayokula pampu, na unga ukigusa unyevu hufuka moshi. Nimeitumia mara mbili, na mara zote mbili pampu ndiyo iliyolia.

Mwanga unahama kila siku

Ulipima Jumatatu, kilele kiko 800. Ijumaa kiko 770. Hakuna aliyeigusa chupa. Oksijeni inakula punje kutoka nje, kiini kinapungua, na kiini kidogo hutoa mwanga wa mawimbi mafupi zaidi. Wakati mwingine mwanga huongezeka nguvu kwa siku za mwanzo, kwa sababu oksidi nayo hufunika mikono mitupu. Usilihesabu hilo kama maendeleo. Hifadhi sampuli chini ya naitrojeni, gizani, na ukitaka kulinganisha mbio mbili zipime zikiwa na umri sawa. Kwenye kila chupa mimi naandika saa ya kufungua mtambo, si tarehe peke yake.

Na unapoufungua, ufungue taratibu. Unga mkavu ulionaswa kwenye wavu unaweza kushika moto ukikutana na hewa ghafla. Funga silani kwanza, acha plazima ya arigoni iendelee dakika chache ili kilichobaki kwenye mstari kiishe, zima, safisha kwa naitrojeni, kisha ruhusu hewa kidogokidogo kama huna sanduku la glavu. Wavu uweke juu ya sahani ya chuma, si juu ya karatasi. Nilianza kutumia sahani baada ya karatasi ya kwanza kuungua, pamoja na ukurasa mmoja wa daftari langu.